Zaburi Yangu Iliyomkimbiza Mama Mkwe

Nimekubali kuisimulia hii habari mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kutoka kwa madereva wa malori, ambao kila mmoja ameitia chumvi yake, na juzi nimeisikia hapa Malaba mpakani ikiwa na mbuzi ndani yake, na nataka ijulikane wazi kwamba hakukuwa na mbuzi. Aibu ilikuwepo, hiyo siikatai. Ilinipata mbele ya kanisa zima, mchana peupe, nikiwa nimevaa suti niliyonunua Doha (ya vipande vitatu, kwa wale wanaopenda kujua), na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna adui aliyenipangia. Nilijipangia mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, majuma matatu mfululizo.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mtoto wa Malaba niliyetoka hapa na begi moja, nikafanya kazi Doha miaka tisa katika hoteli kubwa, nikianza kwa kubeba spika na kumaliza nikiwa mtu anayeamua spika zibebwe wapi. Huko huko nikasomea diploma ya muziki na sauti, masomo ya jioni, kwa jasho langu, bila mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nikarudi, nikajenga nyumba ya matofali, nikaitundika diploma sebuleni mahali ambapo mgeni akiinua kikombe cha chai lazima atazamane nayo. Kwa hiyo mchungaji wetu aliponiomba nisaidie kwaya, mimi nilielewa kwamba kanisa limeomba kuokolewa.

Kwaya ilikuwa chini ya Mama Apio, mama wa makamo anayeuza nyanya sokoni Amagoro. (Apio kwetu ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa, kwa hiyo mnajua tayari kwamba mama huyu ana mapacha.) Diploma hakuwa nayo. Alikuwa tu na sauti, ngoma tatu, na miaka ishirini ya kuimbisha watu mpaka wanasahau njaa. Sikutaka kumwonea, nikampa cheo cha mshauri, na kazi ya mshauri, kama nilivyoipanga mimi, ilikuwa kukaa kimya.

Nikaanza na semina. Nikafungua Wafilipi sura ya nne, pale Paulo anapotutaka tuyatafakari yaliyo safi, nikafungua Wakolosai sura ya tatu kuhusu zaburi na nyimbo za rohoni, kisha nikagawa karatasi yenye orodha mbili, nyimbo zilizofaulu na nyimbo zilizofeli. Zilizofeli zilijaza kurasa mbili na nusu. Wimbo wenye mdundo wa kutikisa mabega ulifeli. Wimbo uliorithiwa kutoka shambani au kwenye sherehe za wazee ulifeli, hata kama umelitaja jina la Yesu mara kumi na mbili. Ngoma nikazifungia stoo. Wala sikuishia kanisani, maana muziki wa Jumatatu nao una Mungu wake, nikawaagiza waumini wapime pia wanachosikiliza nyumbani na kazini, na kinyozi mmoja, ndugu mwaminifu sana, akazima redio akanyoa watu kimya kimya wiki nzima mpaka wateja wakaanza kumpa pole wakidhani amefiwa.

Mama Apio akainua mkono. "Mwalimu, ile Zaburi ya mwisho kabisa si ina matari na matoazi?"

"Hayo ni matari ya Israeli, mama," nikamjibu. "Si ya Malaba."

Watu wakaandika. Mpaka leo naona haya kwamba kuna watu waliandika.

Sasa, kulikuwa na sababu ya bidii hiyo yote, na sababu yenyewe inaitwa Nafula. Nafula ni mchumba wangu, anafundisha chekechea, na kwao ni Usamia, karibu na Sio Port, kando ya ziwa. Baba yake alishafariki, na wajomba wamemwachia mama yake neno la mwisho. Mama akatuma habari kwamba atakuja kuabudu kwetu Jumapili fulani, anione nikisimama mbele za watu, na ibada ikiisha atasema kama wazee wangu waende kwake au wabaki nyumbani. Nilikuwa na nyumba, nilikuwa na diploma, nilikuwa na suti. Nilichokosa ni lile neno lake moja.

Nikaamua kumtungia kitu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yalianza kwa uamuzi mdogo sana. Nilipokwenda Sio Port kumsalimia Nafula, nilimkuta bibi mmoja ufukweni akigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani, huku akiimba kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayemkumbuka marehemu. Masikio yangu yenye diploma yakatambua papo hapo kwamba hayo ni maombolezo ya kale. Nikatoa simu nikarekodi. Baada ya kila mstari wa tatu bibi alinyamaza kidogo, akatabasamu peke yake, akaendelea. Ningeweza kumwuliza wimbo unaitwaje. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Lakini mtu aliyesoma anauliza nini kwa bibi wa omena? Nikarudi nyumbani, nikayaandika yale mapumziko yake kwenye nota, nikayapa jina la kimya kitakatifu, nikatia ndani yake maneno ya Zaburi ya mia na thelathini, ile ya mtu anayelia kutoka vilindini. Nafula sikumwambia. Nilitaka ashtuke. (Alishtuka.)

Siku ya mazoezi nilipoupiga kwenye kinanda, kwaya iliganda. Wasichana wa sauti ya kwanza wakainama wote kwa pamoja kama waliodondosha sindano.

"Mwalimu," akasema Mama Apio, "huu umeutoa wapi?"

Ningesema ufukweni, na leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini ufukweni pamoja na omena haikusikika kama jibu la mtunzi. "Umenijia," nikasema. "Katika maombi."

"Katika maombi? Ukiwa peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Akanitazama. "Mwalimu, mimi nimeolewa hapa lakini nimezaliwa Usamia. Kuna nyimbo zina siku zake na mahali pake. Sasa mtu kama wewe, kijana hujaoa, siwezi hata kukueleza vizuri, lakini mtu mwenye mkwe..."

"Mama Apio, mshauri anashauri akiulizwa."

Akarudi mahali pake. Kisha akasema, "Sawa, boss." Alikuwa hajawahi kuniita boss kabla ya siku hiyo, na mimi, kwa akili zangu, nikalichukua kama heshima.

Jumapili ikafika. Mama yake Nafula alikaa benchi la tatu upande wa akina mama, leso mpya mabegani, mgongo wima, haangalii upande wangu, maana kwao na kwetu mkwe hatazamwi hivi hivi, hata mkono hupeani naye. Nje, foleni ya malori ya kwenda Uganda ilikuwa imekwama mpaka kwenye ua wa kanisa, na madereva wamekaa kivulini wakingoja kusonga, mlango na madirisha yetu wazi. Nikainua mikono. Kwaya ikaanza.

Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri ajabu, hilo nitalitetea mpaka kaburini. Kisha kikafika kimya kitakatifu. Nikafumba macho, mkono juu. Na kutoka benchi la nyuma sauti ya mzee mmoja, nzito, ikajibu maneno manne ya Kisamia, haraka, kama mtu aliyepiga chafya kabla hajajizuia.

Kanisa likavuta pumzi. Halafu kicheko kikalipuka kama sufuria zimeanguka jikoni.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikajua Roho ameshuka. "Tena!" nikaiambia kwaya. "Kutoka mwanzo!" Mara ya pili kile kimya kilijibiwa na upande wote wa akina mama, na nilipoona jinsi walivyoguswa nikaliomba kanisa zima lisimame. Mara ya tatu walijibu mpaka madereva kule nje. Vijana wakaanza kupiga mabenchi kwa viganja, na wimbo wangu wa vilindini ukashika mwendo, na mabega (yale mabega niliyoyafelisha) yakatikisika kuanzia mlangoni hadi madhabahuni.

Mama Apio alikuwa ameshikilia benchi kwa mikono miwili. Akaliachia. "Mchungaji unisamehe, watoto wangu kwanza!" akapiga kelele, akatoka katikati akicheza, akaninyooshea kidole, akaanza kutaja kwa sauti kubwa maumbile ya wanaume wa ukoo wangu, kuanzia babu kuja chini, na alipofika kwangu hakuniruka.

Nafula ndiye aliyekuja mbele, uso umembadilika, akaninong'oneza sikioni, "Unafanya nini? Huo ni wimbo wa mapacha. Wanauimba kutukana wakwe. Mama yangu yuko pale!"

Kwa wale wasioujua mpaka huu: mapacha wakizaliwa, ukoo wa mume na ukoo wa mke hukutana uani, wakatukanana kwa nyimbo, matusi ya kitandani hasa, yale ambayo siku nyingine yangeleta kesi, na siku hiyo ni baraka, na mama aliyezaa mapacha akiusikia wimbo wake lazima aitikie, la sivyo wanasema watoto wataugua. Watoto wadogo hufukuzwa, na mimi nilifukuzwa kila mara, kisha nikapelekwa bweni, kisha Doha. Lile pumziko la bibi wa omena ndipo panapoingia tusi. Nilikuwa nimeliachia nafasi, nimelipa ishara ya mkono, na nimelirudia mara tatu mbele ya mwanamke ambaye sipaswi hata kumkoholea.

Mama mkwe akasimama. Akajifunika leso kichwani mpaka machoni, akatoka.

Hapo mtu mwenye busara hubaki ndani. Mimi nikamfuata. Aliposikia viatu vyangu akaongeza mwendo, nami nikaongeza, akakimbia, nami (mnisamehe) nikakimbia, suti ya vipande vitatu ikimfukuza mama wa watu kuzunguka kanisa, hadi alipouona mlango wa kwanza uliokuwa wazi akaingia akaubana kwa ndani. Ulikuwa mlango wa choo.

"Mama!" nikasema pale mlangoni. "Ilikuwa Zaburi! Zaburi ya mia na thelathini!"

Nikagonga.

"Mama, mimi si mtu wa hivyo! Mimi nina diploma!"

Sauti ikatoka ndani, nyembamba, kama inayobanwa. "Ya nini?"

"Ya muziki, mama."

"Na huko hawakukufundisha kuuliza?"

Dereva mmoja akaniitia kutoka nje ya ua, "Boss! Mwache mama wa watu kwanza amalize!" Mwingine akaimba mistari mitatu ya Zaburi yangu, akanyamaza, na foleni nzima ikajibu.

"Toka hapo mlangoni," sauti ikasema. "Mkwe hasimami hapo."

Nikasogea, mama akatoka, akapanda pikipiki akaenda zake bila kusema lile neno nililolingoja. Nafula akaenda naye, na simu yangu haikupokelewa siku nne. Mchungaji alinikuta kwenye ngazi za kanisa, kitambaa mdomoni, akijifanya anakohoa. Akanikumbusha kwamba Paulo aliwaandikia Wakorintho waimbe kwa roho na waimbe kwa akili pia. "Akili, mwalimu," akasema. "Hata ya wengine inaruhusiwa."

Jumatano nikaenda Amagoro sokoni, bila suti. Mama Apio alikuwa anapanga nyanya na hakuinua macho.

"Karibu, boss. Wimbo mwingine umekujia?"

"Mama, haukunijia. Niliurekodi kwa bibi mmoja Sio Port, sikumwuliza."

"Najua. Maombi hayaleti wimbo wa Kisamia." Akachagua nyanya mbovu akaitupa. "Unataka nini?"

"Uende kwa mama yake Nafula. Mimi siwezi kusimama mbele yake. Useme sikujua."

"Niende kama mshauri?"

Nikainamisha kichwa. "Uende kama kiongozi wa kwaya, mama."

Akaenda. Akarudi kesho yake jioni na omena nusu gunia, na akaniweka nikingoja mpaka alipomaliza kunywa chai yangu, akiitazama diploma pale ukutani kama mtu anayetazama kalenda ya mwaka jana. Kisha akasema wazee waende. Akasema mama yule kule chooni alikuwa amejiziba mdomo kwa leso asicheke mbele ya mkwe, na alipofika kwake alicheka mpaka akashika ukuta. Ila ametoa sharti moja: siku ya harusi, bwana harusi asichague wimbo hata mmoja.

Bado naamini kwamba muziki upimwe kwa Maandiko, wa kanisani na wa kinyozi. Kosa langu lilikuwa kupima maneno niliyoyatia mwenyewe bila kuuliza wimbo wenyewe umetoka wapi, na mtu anayejisahihishia mtihani hajawahi kufeli. Siku hizi nikipata wimbo sifungui nota kwanza. Naupeleka Amagoro, nachuchumaa kando ya meza ya Mama Apio, namwimbia polepole. Akiendelea kupanga nyanya zake, tutauimba Jumapili. Akiiweka nyanya chini akanitazama, naufuta hapo hapo, wala siombi kuelezwa.