Mama mkwe amesugua bastola yangu kama sufuria

Leo nimemfokea mama mkwe.

Ndiyo, mama mkwe. Mtanitukana baadaye, kwanza someni.

Mnaijua ile bastola yangu kuukuu ya jeshi la Wajerumani, ile niliyowachosha nayo hapa. Niliinunua kwa mzungu mmoja kwenye maonyesho ya bunduki Dallas kwa sababu ya alama ya taji ubavuni. Niliwaapia kwamba Wajerumani wenyewe waliigonga kwenye chuma. Hata kutu yake nilikuwa siigusi!

Basi natoka kazini, nafika nyumbani hapa Arlington, namkuta Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Nyeri, ameisugua kwa waya wa kusugulia sufuria.

Inang'aa kama kijiko. Taji halipo.

Nikalipuka. "Mama, nani amekutuma kugusa vitu vyangu? Umeniharibia!"

Mke wangu akaangusha mwiko. Kwetu hata kukohoa mbele ya mama mkwe ni kwa adabu.

Mama hakulia. Alichukua sufuria aliyotuletea kutoka nyumbani, akaipindua, akanionyesha muhuri wa kiwanda.

"Baba Kevin, huu ndio umegongwa. Nimeusugua miaka thelathini na bado unasomeka. Wako umetoka asubuhi moja. Sasa unanifokea mimi, au aliyekupakia rangi?"

Saa hii anafunga sanduku. Mke wangu hanisemeshi. Simu ya yule mzungu haipatikani.

Anayejua jinsi ya kumwomba mama mkwe msamaha aandike hapa chini.

Mwenye kucheka, apotee.