Fundi Aliyemtangulia Haji

Wallahi hili sikulitunga. Limenifika mimi, mchana kweupe, nyumbani kwetu Malindi, na mpaka leo nikilieleza mwili hunisisimka.

Mimi nnatengeneza kadi za harusi kwa kompyuta. Siku hiyo nimo kazini, ikalia "tap!" ikazima. Nikabonyeza, wapi! Nikabadilisha waya, nikahamia soketi nyingine, hata kitaa chake hakikuwaka. Nikampigia Haji, mdogo wangu, ndiye fundi wetu. Akasema, "Usiiguse, Dada. Nnakuja."

Hazikupita dakika nyingi nikasikia hatua ngazini. Nikafungua: Haji, na begi lake. Nikamtolea salamu, akapita tu. Nikasema labda kachoka. Akaingia chumbani, ambako binti yangu Salma, ndiyo kwanza anaanza kutembea, alikuwa amelala kitandani. Akakaa chini, akanipa mgongo, akaifungua mashine. Nilimwona kwa macho yangu akichomoa memori, akiifuta, akiinusa kama mtu anayechagua samaki.

"Imeungua?" nikamuuliza. Akaendelea kufuta.

Nikaenda jikoni kumtilia chai. Simu ikalia. Haji!

"Dada, niwie radhi. Bado niko mbali, huku Fumba, gari imeniharibikia."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Sauti ya mdogo wangu naisikia simuni, mgongo wa mdogo wangu nauona kutoka mlango wa jikoni, pale chumbani, na mwanangu yuko kitandani mbele yake.

Bila ya kugeuka, yule akasema, kwa sauti ileile, "Mwambie asije."

Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, nikaikosea, nikaanza tena. Nikaingia. Nikampita ubavuni, na baridi iliyomtoka, niamini, iliniingia mifupani. Nikamnyakua Salma, nikateremka peku mpaka kwa jirani yangu, Bi Mwanaisha. Mtoto hakulia. Alikuwa macho, kaniganda shingoni.

Haji alipofika tulipanda sote. Chumba kitupu. Akaitazama ile mashine, akashangaa.

"Unasema imefunguliwa hii? Mbona vumbi la kwenye skrubu halijaguswa?"

Akaifungua mwenyewe. Pawa saplai, ile ya kuingizia umeme, imeungua, maradhi ya kawaida kabisa. Akatia nyingine, ikawaka.

Basi kompyuta ilipona. Salma ndiye asiyepona. Mjomba wake akija, hukimbilia nyuma ya kabati akajificha. Na Haji alivyokuwa akimpenda! Siku hizi haingii tena. Huacha halua mlangoni, akarudi zake.

Juzi aliniuliza palepale ngazini, "Hata wewe Dada unanitazama vile vile. Unadhani mimi siye?"

Nikacheka. Nikachukua halua, nikarudi ndani.

Kwa hivyo nakwambia wewe unayenisikiliza: kitu kikikuharibikia nyumbani, ukagongewa mlango, mbebe mwanao kwanza. Mlango ufungue baadaye.