Mwaka Ukisha

Paa la chumba changu cha Malindi lilivuja juu ya kitanda. Mwezi wa Aprili nilimlalamikia mama mwenye nyumba, naye akanijibu kwa upole, "Stahamili mwanangu, mwaka ukisha tutaezeka." Mimi mtu wa bara nikasikia miezi kumi na miwili. Nilinuna, nikasogeza kitanda, nikanunua beseni.

Ilipofika Agosti nikamkuta fundi juu ya paa na makuti mapya yamepangwa uani.

"Mama, si ulisema mwaka?"

"Na mwaka si ushakwisha? Huoni mvua zimekwenda zake?"

Kumbe mwaka wao ni masika! Na mimi wiki nzima nilikuwa nikigombana na hesabu zangu kwa sababu ya neno hilo hilo.

Kazi yangu ilikuwa kupima kama bwawa ambalo shirika letu lilichimba katika kijiji cha Ganze limeongeza kipato cha wanakijiji. Faida ya maji haiji siku ile ile. Hesabu lazima iambiwe isubiri muda gani tangu mvua zianze kulijaza bwawa ndipo itafute faida. Takwimu zilikuwa chache, nisingeweza kujaribu kila muda, mwezi mmoja mmoja, basi nikafuata walivyosema wanakijiji wenyewe: "Faida twaiona baada ya mwaka." Nikaiambia isubiri miezi kumi na miwili. Ikatoa faida sifuri, maana kufikia hapo mboga walizomwagilia zilikuwa zimeshauzwa zamani na bwawa limekauka. Kwa sifuri ile, kijiji cha pili, kilichokuwa kikingoja matokeo hayo, kisingechimbiwa bwawa lake, na wanawake wa huko wangeendelea kutembea nusu siku kufuata maji. Niliwajua, nimekula ugali wao. Iliniuma.

Kuuliza si ujinga. Nikarudi Ganze kabla sijagusa hesabu. "Mwaka upi, kina mama?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wa mvua, upi mwingine? Nikairudia hesabu kwa kungoja masika yaishe tu, na faida ikajitokeza wazi.

Mkubwa wangu wa kazi aliisoma ripoti kalamu mkononi, akaniuliza maswali makali, kisha akasema, "Wachimbiwe." Nilitoka nje mbio nikampigia mwenyekiti wa kina mama wa kijiji cha pili.

"Mama, mmepata bwawa."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Hawatabadilisha?"

"Hawatabadilisha. Trekta linakuja Jumatatu."

Nikasikia vigelegele vikipokezana huko kwao. Nilikata simu nikalia kwa furaha, maana nilijua jinsi tulivyokaribia kuwanyima maji kwa neno moja tu.