Pepo wa Sahani ya Mjomba Shomari

Enzi zetu mtu hakushukiwa kwa sababu amefanya jambo. Alishukiwa kwanza, jambo likatafutwa baadaye. Tuliokulia Bagamoyo miaka ile tunajua. Ukipita na kikapu kilichofunikwa, mtaa mzima unataka kujua kuna nini ndani. Ukipita nacho kitupu, wanajiuliza umekwenda kumwaga nini. Mama alitukanya tusile vitumbua vya watu, kisha anatutuma tukavinunue kwa jirani aliyemshuku kuliko wote, maana vilikuwa vitamu. Ndivyo nilivyolelewa, na mpaka leo mjukuu wangu Hamisi akicheka peke yake na simu yake, nasogea nione anacheka nini.

Sasa katika mtaa kama huo akaingia Mzungu anayetembea pekupeku. Alishuka kwenye lori lililotokea Msata, nywele mabegani, shanga shingoni, akapanga chumba uani kwetu. Wazungu tuliowazoea walikuwa mapadri wa misheni, na hao walivaa viatu. Wazee wakakata shauri kuwa ni mpelelezi, kwa kuwa Mzungu hawezi kukosa viatu bila sababu. Alipoondoka, alimwachia mjomba wangu Shomari, mdogo wake mama, sanduku la kupigia santuri na sahani zake za muziki, kwa vile mjomba ndiye aliyekuwa akimchotea maji na kumfundisha Kiswahili.

Basi kila alasiri mjomba akawa analiweka sanduku barazani. Zilikuwa bendi za vijana wa Ulaya, zile zilizovuma miaka ya sitini, wavulana waliovaa mashati ya maua kama khanga za mama zetu. Kwenye makasha ya sahani nyuso zao zilikuwa za zambarau, na herufi zimeyeyuka kama samli juani. Magitaa yalivutwa mpaka yakalia. Mwimbaji alisikika kama yumo ndani ya mtungi, na kuna mahali sauti zilikwenda kinyumenyume. Ule wimbo uliopendwa kuliko zote, mjomba alituambia, huko kwao kila kijana aliujua. Ulikuwa mrefu, mchele unaiva jikoni wimbo haujaisha. Mjomba alisema ukifumba macho utaona rangi. Sisi tumetoka kucheza rede, vumbi mpaka kwenye nyusi, tunakaa na mihogo ya kuchoma mikononi tumefumba macho. Mimi niliona giza tu. Nilimshuku mjomba, lakini sikuacha kufumba.

Wakubwa walishuku zaidi. Kuku wa jirani aliacha kutaga, ikawa ni sahani. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akatukataza kupita pale tukiwa na juzuu mikononi. Pwani kwetu kila pepo ana ngoma yake, na ikipigwa ngoma yake hupanda kichwani kwa mtu. Ngoma za mapepo wa hapa zilijulikana. Hii isiyojulikana ilikuwa inamwita nani?

Mjomba angeweza kuyacheka hayo yote, kama asingekuwa anampenda Zuhura. Zuhura alikuwa binti wa Mzee Kibwana, nyumba ya mkabala na yetu, na yeye pia alimpenda mjomba, hilo lilijulikana na kila aliyekuwa na macho. Posa ilipopelekwa, Mzee Kibwana alimwita mjomba mwenyewe akamwambia kwa upole, "Shomari, wewe sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni na hicho kinacholia ndani ya sanduku. Siwezi kumwoza mwanangu penye kitu nisichokijua kabila lake." Mjomba akaahidi kuliuza sanduku. Mzee akasema lililokwisha kuitwa halirudi kwa kuuza sanduku. Tukasikia Zuhura ataozwa ndugu yake wa mbali huko Mkange, mtu mzima mwenye wake na mashamba. Zuhura akaacha kula, na mama yake, Bi Mwanakombo, akawa haongei na mtu.

Haikupita wiki. Alasiri moja sahani inalia barazani kwetu, Bi Mwanakombo anapepeta mchele uani kwake. Ungo ukamponyoka. Akatetemeka, akaanguka, mchele wote chini. Mzee Kibwana alikimbia kumwita fundi wa kupunga mapepo, na fundi akaja na wapigaji wake, akajaribu ngoma moja baada ya nyingine. Bi Mwanakombo kimya, amelala tu, mkono ameunyoosha kuelekea kwetu. Fundi ndiye aliyesema iletwe ile sahani. Mjomba akaja nayo pamoja na sanduku. Gitaa lilipolia tu, Bi Mwanakombo akainuka, mabega yanacheza, akasema kwa Kiswahili cha padri mgeni, "Mimi Mzungu. Nataka meza, nataka biskuti na chai ya maziwa. Nataka sahani yangu nyumba hii kila Alhamisi, na mwenye sahani awe mtoto wa nyumba hii. Nikikosa, sishuki."

Mzee Kibwana alijishika kichwa. Pepo akishaomba hanyimwi, hilo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Mjomba akamwoa Zuhura kabla ya Ramadhani.

Kila Alhamisi baada ya alasiri meza ilitandikwa kitambaa cheupe, sahani ikawekwa, na pepo wa Bi Mwanakombo akapanda. Sisi tulijazana mlangoni kungoja biskuti za pepo. Siku moja nilimwona anatetemeka, macho ameyafumba kabisa, mkono wake ukakisogeza kikombe cha chai kutoka ukingoni mwa meza kisianguke. Hapo nikaanza kushuku, na sikuacha tena. Nilijiambia mama huyu anaupenda muziki wa Shomari, anaona haya kusema, basi amemtanguliza pepo. Miaka yote nimeamini hivyo, na nilijiona mwerevu.

Wote wamekwenda sasa, Mzee Kibwana, Bi Mwanakombo, na mjomba mwenyewe, Mungu awarehemu. Amebaki Zuhura, mkaza mjomba wangu, macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Juzi Hamisi alikuja na simu yake akasema amegundua muziki mpya. Hawa watoto kila walichokikuta wamekigundua. Akaubonyeza. Ulikuwa ule ule wa sahani ya mjomba.

Zuhura akaweka kikombe chini. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamuuliza kama kweli mama yake alikuwa akiupenda kiasi kile.

"Kuupenda?" akasema. "Mama alikuwa hauvumilii kabisa, mwanangu. Kila Alhamisi ukishaisha mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga leso kichwani, kinavyomgonga. Nikimwambia basi, inatosha, nimeshaolewa, ananiambia baba yako bado anatazama."

Hamisi akauliza auzime. Zuhura akamwambia auache mpaka mwisho.

Tuliushuku muziki ule, tukamshuku Mzungu asiye na viatu na mjomba na kuku, na mwenye hila alikuwa ameketi mbele yetu anatugawia biskuti. Siku hizi Hamisi na wenzake kila mmoja ana muziki wake sikioni, na usiompendeza anauruka kwa kidole. Sisi tulikuwa na sahani moja, na wimbo mrefu kuliko chungu cha wali. Bi Mwanakombo aliuvumilia wote, kila Alhamisi, mpaka Mzee Kibwana alipozikwa.