Fungua Namba Mbili

Wasiomjua vizuri husikia wenzake wakimwita Hamsini, wakadhani ni umri. Wala! Jina hilo alilipata akiwa na miaka ishirini na sita, wiki yake ya kwanza katika chumba cha kuongozea umeme wa nchi nzima. Ukutani kulikuwa na namba moja nyekundu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha inabaki hamsini. Umeme unaozalishwa ukilingana na unaotumika, namba inatulia. Matumizi yakizidi, inashuka. Ikifika arobaini na tisa, swichi zinaanza kukata mitaa zenyewe bila kumwuliza mtu, na simu za matusi hazikawii. Basi binti aliikodolea macho akinywa chai, akaikodolea akipiga chafya, na jina likamganda mpaka leo, miaka ishirini na miwili baadaye, akiwa mkuu wa zamu.

Mama yake hamwiti hivyo. Mama yake humwita "ninyi", kana kwamba yeye peke yake ndiye shirika zima. Bibi huyo anaishi nyuma ya kituo cha mitambo ya mafuta, upande uleule ambao upepo hupeleka moshi. Nguo zake hukaukia ukumbini. Ukiingia tu, shuka lenye maji linakupiga usoni. Na kila Hamsini alipokwenda kumjulia hali, kabla hata ya kuketi, mama alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakiinua kikiwa cheusi.

"Umeme wenu huo," alisema. Kisha ndipo alipouliza habari za kazini.

Sasa, kulikuwa na shamba jipya la sola, paneli hadi jicho linachoka. Wakubwa walilipenda jua lakini hawakuliamini. Mafuta yaliendelea kuungua mchana kutwa, eti wingu likija ghafla itakuwaje? Hamsini alibishana nao miezi minane. Tuna bwawa, alisema. Jua likifanya kazi mchana, maji yapumzike, mashine namba mbili ya pale izunguke kwa maji kidogo tu ikisubiri. Wingu likija, maji yanaongezwa, na mashine inapanda kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Mafuta ya nini? Alisema mpaka watu wakawa wakimwona kwenye korido wanageuza njia.

Mwishowe meneja akachoka. "Haya. Alhamisi, siku moja. Saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, mafuta yasiwake. Mtaa hata mmoja ukizimika, Ijumaa yanawaka na hoja hiyo umeizika. Sitaki kuisikia tena maishani mwangu."

Hamsini alimpigia mama simu papo hapo. "Mama, Alhamisi anika nje."

"Nje? Unaumwa?"

"Anika, mama. Yale meupe."

Ukishamwahidi mama mambo ya mashuka meupe, huna pa kujificha tena.

Alhamisi aliamka kabla ya saa yake kulia. Asubuhi yote ilikwenda kama alivyopanga. Namba ilitulia, na yeye alizunguka chumbani akishindwa kukaa, akipangusa meza ambazo hazikuwa na vumbi. Meneja alisimama nyuma, mikono mfukoni. Saa saba na robo simu ya shamba la sola ikalia. Alikuwa fundi wa huko, wanayemwita Kofia kwa sababu ya ile pana asiyoivua hata akiwa ndani.

"Dada, wingu hilo linakuja! Zito! Linafunika shamba lote."

"Dakika ngapi?"

"Mbili. Mbili na nusu ukiwa na bahati."

Hamsini hakuogopa. Alifurahi! Miezi minane alikuwa akilisubiri wingu hilo, na sasa lilikuwa limekuja lenyewe mbele ya meneja. Damu ikamchemka, akanyakua simu ya kumpata mzee wa zamu kule bwawani.

"Baba, fungua namba mbili! Haraka!"

Loo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maji ukiyafungua, yanakuja. Swichi ukiifungua, umeme unakatika. Neno ni lilelile. Ndiyo maana ukutani, chini ya ile namba nyekundu, palibandikwa karatasi: NI MARUFUKU KUSEMA "FUNGUA" PEKE YAKE. SEMA "KATA" AU SEMA "ONGEZA MAJI". NA ALIYEAMBIWA ARUDIE. Mwandiko ulikuwa wa Hamsini mwenyewe.

Mzee wa bwawani, kabla ya kuhamia huko, alifanya kazi ya swichi miaka kumi na tisa. Kwake yeye, kufungua ni kukata. Lakini alikuwa mtu wa kufuata maandishi, na sauti yake ikaja taratibu:

"Narudia. Nakata swichi ya mashine namba mbili."

Hamsini alipiga meza kwa kiganja. "Hapana! Hapana, baba yangu, usikate! Maji! Ongeza maji namba mbili, mpaka mwisho!"

"Narudia. Naongeza maji namba mbili, mpaka mwisho." Kisha akakohoa kidogo. "Si ungesema hivyo, mwanangu. Mkono ulishafika."

Kivuli kilikuwa kimeshaingia shambani. Arobaini na tisa nukta saba. Nukta nne. Chumba kizima kilisimama. Nukta mbili. Hamsini aliyaona mashuka ya mama yake kichwani, meupe, yakinyeshewa masizi. Nukta mbili. Bado nukta mbili. Nukta tatu!

"Inapanda!" alipiga kelele, akamkumbatia meneja bila kujua anayemkumbatia ni nani. "Inapanda, inapanda, inapanda!"

Hamsini kamili. Hakuna mtaa uliozimika.

Meneja alijinasua, akanyoosha shati. "Nani amesema fungua?"

"Mimi."

"Na ile karatasi ameandika nani?"

"Mimi."

"Basi iandike tena, kwa herufi kubwa zaidi." Akageuka aondoke, akasita mlangoni. "Na mafuta kesho yasiwake. Tuone wiki nzima."

Jioni jua lilishuka polepole, maji yakapokea zamu bila vurugu, na saa moja ilipogonga Hamsini alikuwa ameshashika mkoba. Alimkuta mama uani, mbele ya mashuka manne yaliyokuwa bado kwenye kamba. Hakuwa ameyaanua. Alikuwa akimsubiri binti yake.

Bila salamu, mama alipitisha kidole kwenye shuka, toka mwanzo mpaka mwisho, akakiinua kwenye mwanga wa taa ya mlangoni. Akakigeuza. Akakitazama tena, maana hakukiamini.

"Umeme wenu huu," alisema. "Kesho uje na kamba nyingine. Hii ni fupi."