Rupia Arubaini za Shangazi

Juzi shilingi ilinidondoka sokoni Likoni, ikalia kama kizibo cha soda. Niliitazama mara mbili, sikuinama. Sauti ile ilinirudisha kwenye mguu wa Bibi, mamake baba, aliyevaa vikuku viwili vya fedha mguu mmoja. Akitembea vikigongana, ting, ting, nasi tukajua leo ameamkaje. Vilifuliwa kutokana na rupia arubaini za fedha zilizoyeyushwa, mahari yake mwenyewe. "Fedha ina mlio," akisema. "Kisicholia ni ahadi."

Shangazi Mwanasha alipoposwa na kijana wa Kisauni, Bibi alikaa barazani pamoja na wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Wageni walipouliza mahari, akajibu, "Rupia arubaini. Kama mimi."

Ami wa yule kijana, mfanyabiashara, alicheka hadi kofia ikamwinama. Rupia ilishazikwa zamani, lakini wazee wetu walikuwa bado wakiihesabu moja kwa shilingi mbili.

"Themanini, basi! Mama, mbona watupa binti bure?" Akatoa noti ya mia. "Na chenji kaa nayo."

Nami, mtoto pembeni ya baraza, nikasema moyoni, ami huyu biashara aijua.

"Baba, mimi sikutaja shilingi," Bibi alisema. "Rupia ni fedha. Nenda kwa sonara akupimie."

"Wallahi, mama, twaoa mke au twanunua kengele?"

Bibi hakucheka. Wageni wakaanza kutafuta viatu. Hapo pazia la mlango likatikisika, na Shangazi, aliyemtaka yule kijana kuliko chakula, akasema, "Mama, hiyo mia nimeridhia."

Mahari ni ya mwanamke. Bibi akaipokea noti, akaipitisha nyuma ya pazia.

Mia ile iliishia kwenye sukari na mafuta kabla hina haijafutika. Mwaka wa pili Shangazi alirudi na talaka na mfuko mmoja, mchana peupe, majirani wakichungulia. Bibi hakumwambia "nilikwambia". Alivuka feri kwenda kwa sonara mjini, na wiki ile cherehani ikaingia nyumbani.

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba jina rupia, huko lilikotoka Bara Hindi, asili yake ni fedha iliyofuliwa. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Siku ile barazani nilidhani Bibi anapandisha bei. Kumbe alikuwa akimwekea mwanawe nauli ya kurudia, kabla hajaondoka.

Cherehani ililia nyumbani mchana kutwa. Bibi, na kikuku chake kimoja, alipita kimya.