Aliyepita Nyuma ya Askari

Adila ni msusi wa Magomeni, Bagamoyo, na kwa machozi ya karibu hana mpinzani. Mwaka jana televisheni ya saluni yake ilionyesha mtoto wa nchi ya mbali aliyekimbia mabomu akiwa amemficha paka wake ndani ya koti. Mtangazaji alimtaja mtoto kwa jina, akamtaja na paka. Adila aliacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, akalia mpaka mteja naye akalia. Ijumaa ile alimwombea mtoto dua, na sidhani kama paka alisahauliwa.

Lakini vikitajwa vita vya Kongo, alikuwa anatafuta rimoti. Si kwamba ana roho mbaya. Picha zilikuwa zilezile: lori, askari, mlima, kisha idadi ya waliokufa.

"Hao nao hawachoki?" angesema. "Nadhira, tuwekee tamthilia." Nadhira ni mdogo wake, anayeosha nywele za wateja.

Siku moja akaja mteja mgeni, Scola, mke wa mwalimu wa Mapinga. Habari za mchana zikaanza, lori likatokea, Adila akanyanyua rimoti.

"Mama, usitoe kwanza," Scola akasema kwa Kiswahili cha kwao, Kongo. "Ile njo kwetu. Bukavu."

Adila aliona haya, akawa anatafuta neno la pole. Kabla hajalipata, Scola aliruka kitini, kitana kikining'inia nyweleni.

"Mama Furaha! Yule, nyuma ya askari, mwenye beseni!"

Kweli, nyuma ya askari alikuwa anapita mwanamke mnene, beseni kichwani, akimkata jicho mpiga picha kana kwamba kamzibia njia. Mara akatoweka.

"Ni jirani yetu, anauza sambaza," Scola akasema, analia huku anacheka. "Samaki wadogo, kama dagaa wenu. Kanisani anaimba kama jogoo. Padri alimwomba akae benchi la nyuma, akahamia la mbele!"

Wanawake wakaangua kicheko, kisha maswali yakafuata. Ana watoto wangapi? Mbona anapita karibu na bunduki?

"Njia ya sokoni ni ile ile moja," Scola akajibu.

Kesho yake Adila hakugusa rimoti. Habari zilipoanza aliwanyamazisha watu wote. Likaja lori, wakaja askari, Mama Furaha hakuja.

"Kila siku mwenye bunduki tu," Adila akalalamika. "Kwani huyo ndiye anayelisha mji?"

Wiki iliyofuata mtangazaji alisema raia kadhaa wameuawa karibu na soko huko Bukavu, akahamia habari za michezo. Adila aliweka kitana chini. Akampigia Scola.

"Raia gani? Mbona hawasemi ni nani?"

Scola naye hakujua. Simu ya Mama Furaha ilikuwa haipatikani.

Walikaa hivyo mpaka Jumamosi, Scola alipoingia saluni mbio bila hata kubisha hodi. Aliweka simu juu ya meza, akafungulia ujumbe wa sauti.

"Niko kwa dada yangu Idjwi, kule kisiwani," Mama Furaha alisema. "Beseni limepotea, mguu umeteguka. Lakini sauti iko!" Akaimba.

Scola hakuwa ametia chumvi: alikuwa jogoo hasa. Adila alilia, akacheka, akashika simu, akarekodi ujumbe wake. "Shikamoo, mama!"

Jibu halikukawia. "Shikamoo njo kitu gani? Inaliwa?"

Siku hizi ujumbe wa Mama Furaha husikilizwa na saluni nzima, na wateja hubishana kama sambaza anaweza kumshinda dagaa wa hapa. Juzi Mama Furaha alimwomba Adila amfundishe mpwa wake ususi kwa video. Adila amekubali, ila binti akae mahali penye mwanga, na Mama Furaha asiimbe mpaka somo liishe.